Daraja la Alcántara: lilivyovunjwa mara kwa mara bila kuanguka

Mwezi Mei mwaka 1809 kikosi cha Wareno kilichoongozwa na maofisa wa Kiingereza kilitega baruti katika daraja la mawe la Alcántara, mji mdogo wa magharibi mwa Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Jeshi la Wafaransa la Marshal Victor, mmoja wa majemadari wa Napoleon, lilikuwa njiani, na daraja hilo ndilo lililokuwa njia yake ya kuvuka mto Tagus. Baruti ikalipuka, ikamega sehemu ya tao, lakini tao likabaki limesimama. Mwezi Juni, Wafaransa walipokaribia tena, baruti ikategwa upya na safari hii tao likaporomoka mtoni. Matao mengine matano yakabaki mahali pake.

Daraja lilikuwa limekwisha kutimiza miaka 1,700 wakati huo. Simulizi nyingi kulihusu hutaja umri na kuishia hapo: karne 19, mawe yasiyoshikwa na saruji, Warumi hao! Si uongo, ila ni nusu ya habari. Daraja hili limevunjwa kwa makusudi mara kadhaa, na kuna vipindi virefu lilivyokaa na pengo. Kinachostahili kuchunguzwa ni namna lilivyokuwa likivunjika. Kila mara tao moja lilikwenda, na mengine yakasubiri, pengine miongo, pengine karne, hadi apatikane mwenye fedha za kuziba. Hiyo haikuwa bahati. Imo ndani ya vipimo vya nguzo zake.

Mto na korongo

Tagus ndio mto mrefu kuliko yote katika rasi ya Iberia, kilomita 1,000 na ushei, nao huelekea magharibi hadi Lisbon. Unapofika Alcántara umeingia kwenye korongo lenye kingo kali za mwamba. Kiangazi cha eneo la Extremadura ni kikavu na mto hunywea. Masika yake huja majira ya baridi, na kwa kuwa maji ya nyanda pana za ndani ya nchi hayana pa kutandaa, yanapofika kwenye korongo hupanda juu kwa kasi.

Warumi hawakuwa na jibu moja kwa kila mto. Huko Mérida, kusini mashariki mwa Alcántara, mto Guadiana ni mpana na kingo zake ziko chini. Pale walijenga daraja refu la karibu mita 800, chini chini, lenye matao takriban 60, na wakatoboa nafasi ndani ya nguzo ili mafuriko yapite. Walikubali kwamba maji yatafika juu, basi wakayapunguzia vizuizi. Daraja hilo lipo hadi leo, ila maji yamelila mara nyingi. Mafuriko ya mwaka 1603 yaliondoka na matao kadhaa. Katika Roma yenyewe, daraja la Fabricius la mwaka 62 KK nalo lina tundu la namna hiyo kwenye nguzo ya kati.

Alcántara haina matundu ya mafuriko. Aliyelichora daraja aliamua kuipandisha barabara juu ya fikra zote za mafuriko. Ukisimama katikati, kitako cha mto kiko kama mita 45 chini yako, urefu wa ghorofa la takriban orofa 15. Juu ya nguzo ya kati kumeongezwa lango la mawe la mita 13 au 14 la kumtukuza Kaisari. Kutoka ukingo hadi ukingo ni takriban mita 190, upana wa njia ni mita 8 hivi, na njia yenyewe imenyooka bila mwinuko, tofauti na madaraja mengi ya enzi za baadaye ambayo hupanda katikati na kushuka.

Matao ni sita tu. Mawili ya katikati, yanayovuka mkondo mkuu, ndiyo makubwa. Lililo pana kuliko yote lina mita 28.8. Kadiri unavyokaribia kingo upana unapungua hadi kufikia kama nusu ya hiyo. Korongo lenyewe halina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo hata matao ya kushoto hayakulingana sawasawa na ya kulia. Mchoraji aliufuata mwamba. Alipoona mwamba mzuri ndipo alipoweka nguzo, kisha akaacha tao liwe na upana uliosalia. Hapo ndipo daraja lilipopona kwa mara ya kwanza, kabla jiwe halijainuliwa: hakuna nguzo iliyosimama juu ya mchanga au changarawe ambayo maji yangeweza kuichimba miguuni.

Kwa nini nguzo ni nene kiasi hicho

Tao husukuma. Fundi aliyewahi kujenga mlango wa tao kwa matofali analijua jambo hili: uzito ulio juu hauteremki wima peke yake, unatanua pia miguu ya tao kwenda nje. Matao mawili yakiegemea nguzo moja kutoka pande mbili, misukumo yao hukabiliana na kupunguzana, na nguzo hubaki na kazi ya kubeba uzito.

Mjenzi anaweza kuutegemea usawa huo, akafanya nguzo nyembamba. Mwaka 1772 mhandisi Mfaransa Jean-Rodolphe Perronet aliondoa viunzi vya mbao chini ya daraja la Neuilly, karibu na Paris, mbele ya mfalme Louis XV. Unene wa nguzo zake ulikuwa takriban sehemu moja ya tisa ya upana wa tao. Lilikuwa daraja jepesi na lenye kuvutia, na mto ulipata nafasi kubwa ya kupita. Lakini matao yake matano yalikuwa yakishikana kama watu walioegemeana migongo. Ilibidi yote yajengwe yakiwa juu ya viunzi vyake, na viunzi viondolewe kwa pamoja. Ukilivunja moja, nguzo iliyo jirani inabaki na msukumo wa upande mmoja tu, haiuwezi, inalala, na tao linalofuata nalo linakwenda.

Mrumi wa Alcántara alifuata njia nyingine. Nguzo zake kubwa zina unene unaokaribia mita 9 kwa matao yasiyofika mita 29, yaani karibu theluthi moja. Kwa kipimo hicho nguzo inaweza kusimama peke yake ikisukumwa upande mmoja, kwa sababu uzito wake ni mkubwa mno na msukumo ule, ukichanganyika na uzito huo, bado unaishia ndani ya msingi. Kila tao lina miguu yake. Likiondoka jirani, halijali.

Unene huo una gharama. Nguzo nene hula mto. Maji yanabanwa, yanapanda upande yanakotoka na kuongeza kasi yanapopenya. Ndiyo sababu madaraja mengi ya Kirumi yaliyo chini chini yaliteswa na mafuriko. Alcántara lililipa gharama hiyo kwa kimo: matao mapana, yaliyoinuliwa juu, yanaacha nafasi tele hata nguzo zikila kiasi chake. Upande maji yanakotoka, miguu ya nguzo imechongwa kwa ncha ya pembetatu ili kuupasua mkondo na magogo yanayobebwa nao.

Kuna faida nyingine ambayo huwa haitajwi, nayo kwa maoni yangu ilimshawishi mjenzi kuliko hofu ya vita. Nguzo ikiweza kujisimamia, huhitaji kujenga matao yote kwa wakati mmoja. Unajenga moja, unafungua kiunzi, unahamishia mbao kwenye tao linalofuata. Mbao za kushikilia tao la mita 28, juu ya korongo, ni msitu mzima. Kuzitumia zaidi ya mara moja ni kuokoa fedha nyingi.

Kazi yenyewe

Jiwe ni graniti. Lilikatwa vipande vikubwa vya mstatili, likachongwa pande zinazokutana hadi zikabane, na kupangwa bila chokaa kati yake. Watu hulitaja hili kana kwamba ni siri iliyopotea. Sivyo. Warumi wa wakati huo walikuwa mabingwa wa chokaa na zege, na waliyatumia kila mahali. Lakini tao la mawe makubwa yaliyochongwa vizuri halihitaji gundi. Uzito wenyewe unalibana, na kila jiwe, likiwa na umbo la kabari, likijaribu kuanguka linajikaza zaidi kati ya majirani zake. Chokaa ni ya kurekebisha pale ambapo mwashi hakuchonga sawasawa. Hapa walichonga.

Kwa sehemu zilizomo majini, njia ya Warumi imeelezwa na Vitruvius, aliyeandika kuhusu ujenzi zaidi ya miaka mia moja kabla ya daraja hili. Unapigilia miti safu mbili kuzunguka eneo la nguzo, unaifunga pamoja, kati ya safu unashindilia udongo wa mfinyanzi uliowekwa kwenye vikapu vya nyasi, kisha unayatoa maji yaliyobaki ndani kwa magurudumu na parafujo za kuinulia maji. Ukimaliza una kisima kikavu katikati ya mto, na waashi wanashuka hadi kwenye mwamba. Katika mto unaonywea kiangazi, msimu wa kazi hiyo ulijichagua wenyewe.

Kuinua kulifanywa kwa winchi za mbao zenye kamba na roda, na zile kubwa ziliendeshwa na gurudumu ambalo watu waliingia ndani yake na kulizungusha kwa kutembea. Jiwe lilishikwa kwa koleo la chuma, na koleo hilo lilihitaji vitundu viwili ubavuni mwa jiwe. Kwenye mfereji wa maji wa Segovia vitundu hivyo vinaonekana wazi. Kisha kilijengwa kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara. Mara nyingi Warumi waliacha mawe machache yamechomoza kwenye nguzo ili kiunzi kipate pa kukaa bila kuanzia chini mtoni, kama ilivyo kwenye Pont du Gard huko Ufaransa. Mawe ya tao yalipangwa kutoka miguuni, pande zote mbili kwa pamoja, hadi lile la juu kabisa linalofunga. Kabla ya hilo la mwisho, tao ni mzigo wa mbao tu. Baada yake, mbao zinaweza kuondolewa.

Nani alilipa

Daraja lilijengwa enzi za Kaisari Trajan, kati ya miaka 104 na 106 hivi. Trajan mwenyewe alizaliwa Hispania, katika mji wa Italica karibu na Sevilla, na wengi hudhani daraja ni zawadi yake kwa nyumbani. Mawe yanasema tofauti. Lango la katikati lilikuwa na mabamba yenye maandishi, na lililosalia linataja jamii 11 za jimbo la Lusitania zilizochanga ili daraja likamilike. Kuna Waigaeditani, Walancia wa makundi mawili, Watalori, Wainteramni, Wakolarni, na wengineo. Jina la Kaisari limeandikwa kwa heshima zake zote, lakini fedha zilitoka kwa watu waliokuwa wakiihitaji njia.

Hebu fikiri maana yake. Jamii hizo, nyingi zao zikiishi kaskazini mwa Tagus katika ardhi ambayo leo ni ya Ureno, zilitengwa na mto huo na miji mikubwa ya kusini. Kuvuka kwa mashua katika korongo lenye maji yanayofurika ni kazi ya msimu na ya hatari. Daraja la kudumu lilikuwa na thamani kwao kila mwaka. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba hawakununua la bei rahisi.

Miaka ileile, Trajan alikuwa akijengewa daraja lingine, nalo ndilo lililokuwa maarufu. Apollodorus wa Damascus alivuka mto Danube kwa ajili ya vita vya Dacia, nchi ambayo leo ni Romania, kati ya 103 na 105, daraja la zaidi ya kilomita moja, nguzo 20 za mawe zikibeba matao ya mbao. Lilikuwa daraja la jeshi. Vita vilipokwisha, Hadrian aliyemrithi Trajan aliamuru sehemu ya juu iondolewe, akihofia adui asilitumie kuvuka kuja upande wa Roma. Leo yamebaki mabaki ya nguzo chache kingoni. Katika ramani ya himaya, la Alcántara lilikuwa dogo mno kulinganisha na hilo.

Jina la mjenzi tunalijua, jambo ambalo si la kawaida kwa kazi za Kirumi. Gaius Julius Lacer alijenga hekalu dogo la graniti kwenye ukingo wa kusini, na maandishi yake yanasema ameacha daraja litakalodumu karne zote za dunia. Yanamtaja pia rafiki yake, Curius Lacone, mtu wa Igaedita. Igaedita, ambayo leo ni kijiji cha Idanha-a-Velha nchini Ureno, ni mji wa Waigaeditani wale wale wanaoonekana kwenye orodha ya wachangiaji. Nadhani hapo tunaona kidogo jinsi kandarasi ilivyopatikana, ingawa maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Hekalu hilo baadaye lilifanywa kanisa dogo, na huenda ndiyo sababu halikubomolewa.

Kuvunjwa

Waarabu walipoitawala nchi hiyo waliliita al-Qantara, yaani daraja, na mji ukachukua jina hilo. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, alilisifu miongoni mwa maajabu. Mwaka 1214, katika mapigano kati ya Waislamu na falme za Kikristo, tao moja kati ya yale madogo lilibomolewa. Lilikaa hivyo hadi 1543, chini ya mfalme Carlos V, lilipojengwa upya kwa mawe ya machimbo yaleyale ya zamani. Zaidi ya miaka 300 pengo lilikuwapo, na daraja lingine lote likasubiri.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha vita vya karne ya 15 vya kugombea taji la Castilla, ufalme uliokuwa na daraja hilo. Wakastilia walitaka kulivunja ili kumzuia mfalme Afonso V wa Ureno, naye akatuma habari kwamba atazunguka njia nyingine, kwani hautaki ufalme huo ukiwa umepungukiwa na jengo kama lile. Kama ni kweli, ni adabu ambayo waliomfuata hawakuwa nayo. Katika miaka ya 1760 Wahispania wenyewe walilivunja tao la pili la upande wa kaskazini magharibi kuwazuia Wareno, na mfalme Carlos III akalitengeneza. Tao hilohilo ndilo lililolipuliwa mwaka 1809.

Matengenezo ya 1812 ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Wellington, jenerali wa Waingereza, alihitaji kupitisha mizinga lakini hakutaka kuwaachia Wafaransa daraja zima. Kanali Sturgeon akatengeneza huko Elvas, Ureno, wavu mkubwa wa kamba nene, ukakunjwa, ukabebwa kwa mikokoteni, ukavutwa na kukazwa juu ya pengo la mita 30 hivi, kisha ukawekewa mbao. Mizinga ilipita. Adui akija, ungeweza kukunjwa tena. Mvuto wa kamba hizo uliegemea kwenye kingo za mawe zilizobaki pande mbili za pengo, na jambo hilo liliwezekana kwa kuwa nguzo zilikuwa hazijasogea baada ya kupoteza tao zima.

Mbao za matengenezo yaliyofuata, ya mwaka 1819, ziliteketezwa mwaka 1836 katika vita vya Wakarlisti, waliokuwa wakimpigania Don Carlos atwae taji la Hispania. Hatimaye mwaka 1860, enzi za malkia Isabel II, tao lilirudishwa kwa mawe, na safari hii wakatumia chokaa. Kwa hiyo anayesema daraja lote halina chokaa hasemi sawa.

Bwawa

Mwaka 1969 lilikamilika bwawa la umeme la José María de Oriol, lenye kimo cha takriban mita 130, mita mia sita hivi juu ya daraja. Kazi hiyo iliwezesha kitako cha mto kukaushwa, na nguzo kuu zikakarabatiwa kuanzia chini. Tangu hapo maji yanayofika chini ya matao ni yale ambayo bwawa linaamua kuyaachia. Hatari ambayo Lacer aliijengea kimo cha mita 45 imedhibitiwa na ukuta wa zege.

Ila bwawa hilo halikuyafaa madaraja yote ya Tagus. Juu zaidi mtoni kulikuwa na daraja lingine la Kirumi, la Alconétar, lenye matao bapa badala ya nusu duara, na ambalo lilikuwa magofu kwa karne nyingi. Ziwa la bwawa lilipokuwa likijaa, mabaki yake yalifunguliwa jiwe kwa jiwe na mwaka 1970 yakahamishiwa kilomita chache kaskazini, mahali ambapo Warumi hawakuwahi kujenga kitu.